Mita

Kaka yangu Rehani ana tabia moja:
akikuazima pikipiki hakuulizi uendako.
Huinama, husoma mita, huandika kiganjani kwa kalamu ya bluu:
elfu arobaini na moja, mia mbili na sita.
"Masaka tu," nilisema. "Nafuata kahawa."

Masaka niliiona. Niliipita.
Kahawa nayo niliiona, imeanikwa juu ya maturubai,
nikaipungia mkono
kama mtu aliyemwona mdai wake ng'ambo ya barabara.
Nyuma yangu Nakiyimba amekumbatia sufuria,
ndani ya sufuria viatu, mkate, redio isiyo na betri.

Bukakata, lami ilifika ukingoni mwa maji
ikakata kauli.
Askari wa kivuko alinisikia nikihesabu chenji kwa Kiswahili,
akanyoosha mgongo, nusura apige saluti.
Huku kwetu lugha hii ina harufu ya buti,
watu wakiisikia hupapasa vitambulisho mifukoni.
Hawajui kwamba Bombo, nyumbani,
tuna Kinubi cha kugombania
na Kiswahili cha kubembelezea watoto.
"Legeza mgongo, afande. Nakwenda kuoga."
Alicheka mpaka kofia ikahama.

Nilizima injini. Wakaifunga kamba
kati ya ng'ombe wawili na godoro la bibi harusi.
Maji, maji, maji. Ni ziwa tu, wanasema.
Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu,
na mimi, chungu wa Bombo, nikayaita bahari,
nikachovya kidole, nikaonja.
Hayana chumvi. Nikayasamehe.

Kisha Luku, na vumbi jekundu,
na michikichi safu kwa safu, gwaride lisilo na kamanda.
Chikichi zilizodondoka malorini zimetapakaa njiani;
tairi likakanyaga moja, tukayumba,
Nakiyimba akataja jina la Mungu
kisha la mume wake wa zamani, kwa sauti ileile.
Kona, ziwa kushoto. Kona, ziwa kulia.
Lilitufuata kama mtoto aliyekatazwa kuja.
Kima aliyekaa katikati ya njia akila hakutupisha,
tukampisha.
Wingu la visubi likapanda kutoka majini
nikafumba mdomo; kilomita mbili sikusema neno,
rekodi yangu ya maisha.

Lutoboka:
mchanga, viti vitatu, kimoja kibovu,
na kijana, Ssemmanda, amelala ndani ya mtumbwi
uliopandishwa juu ya matofali.
Soda ipo?
Ipo.
Ya baridi?
Umeme ukirudi.
Utarudi lini?
Akafikiri kwa haki kabisa, kama hakimu.
"Kwani leo ni siku gani?"
Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Injini ilipoa taratibu, ti, ti, ti,
ikanyamaza.
Nakiyimba akasoma kibao cha kichocho mpaka mwisho,
akakipa mgongo, akakaa.
Mawimbi madogo yalikuja kuchungulia,
yakarudi kusimulia, yakaja tena.
Nilikuwa na jambo la kufikiria, nimelibeba tangu Bombo,
nimelifunga vizuri.
Nilipolitafuta sikulikuta. Labda lilidondoka kule kwenye michikichi.

Tulilala usiku mmoja. Ukawa mitatu.

Rehani aliinama, akasoma, akatazama kiganja:
wino umefifia lakini hesabu anaikumbuka.
Mia nne na sitini na sita.
"Masaka imehama?"
"Kidogo."
Lakini kule kivukoni gurudumu halikuzunguka,
na mchangani halikuzunguka.
Sehemu yote niliyosafiri kweli
mita haikuihesabu.

Aliuliza kahawa iko wapi. Sikujibu.
Akaenda kunawa kiganja.
Kwenye mnyororo mlikuwa na mchanga mweupe;
hakuuona,
au aliuona.